Mikono ya Baba Katika Sala ya Alasiri

Siku ya mwisho niliyokwenda skuli Unguja, mwalimu wetu Mwingereza alitusomesha habari za yule mfalme wa kwao mwenye wake sita. Mfalme alifarakana na Papa kwa kutaka mke mwengine, akawatoa raia wake wote katika utiifu wa Roma. Alipokufa, mwanawe alirithi angali mdogo, na sala zikabadilishwa. Kijana akafa, dada yake mkubwa akatawala, sala za zamani zikarudi, na waliozikataa wakachomwa moto. Dada naye akafa, akaja mdogo wake, na sala zikabadilishwa tena. Sisi wasichana tulicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, na akili zetu zilikuwa kwenye vyakula vya vunja jungu, hazikuwa kwa wafalme waliokufa.

Nyumbani nilimhadithia baba. Alikuwa na duka la nguo, mtu wa maskhara, lakini siku hiyo hakucheka.

"Na raia je?" akaniuliza. "Wao walifanya nini?"

"Walisali walivyoamrishwa."

"Maskini, watu wa watu," akasema, na akaendelea kumenya chungwa lake.

Hapa lazima nieleze jambo. Sisi ni Maibadhi, kama wengi wenye asili ya Oman. Tukisimama katika sala tunaachia mikono ubavuni. Majirani zetu Masunni hufunga mikono kifuani. Mtaani kwetu sikupata kuona watu wakigombana kwa hilo. Katika safu moja huyu kafunga, huyu kaachia, na mkitoka mnakwenda kunywa kahawa pamoja. Kila mtoto aliijua tofauti hiyo na hakuna aliyeijali.

Kisha yakaja mapinduzi. Alfajiri moja tuliamka kwa milio ya bunduki, na redioni ikasikika sauti tusiyoijua. Waarabu walikuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba. Jirani yetu, Mzee Makame, alitupitisha mlango wa uani akatuingiza kwake: baba, mama, kaka yangu Nasor na mimi. Sisi watoto na baba tulichukua rangi ya bibi yetu mzaa baba, aliyekuwa Mngazija. Ukimvisha baba shuka na fulana, hukumjua kuwa ni Mwarabu, na mama alijitanda buibui.

"Ntasema nyinyi ni jamaa zangu wa Makunduchi," Mzee Makame alimwambia. "Kiswahili chako hakina walakini, Saidi. Lakini ukisali, funga mikono. Nakuomba sana. Na kijana wako pia."

Baba aliitazama mikono yake. "Ntafunga," akasema.

Na alifunga. Kwa mtu aliyezaliwa akiona watu wanaachia, ni kama kula kwa mkono wa kushoto. Nilimwona mama akimtazama, kisha akageuza uso. Wale waliokuwa wakitusaka hawakuwa na ugomvi na sala ya mtu. Walitafuta Mwarabu, na sala ingewaonyesha alipo.

Walikuja wakati wa alasiri.

Mzee Makame alikuwa akisalisha ukumbini. Baba na Nasor walikuwa nyuma yake, mama na Bi Mize, mke wa Mzee Makame, nyuma yao. Mimi sikuwa na sala siku zile, kwa udhuru wa kike, nimekaa kwenye mkeka nyuma ya wote.

Mlango ukasukumwa.

Mmoja alikuwa na bunduki, wenziwe mapanga. Walipoona watu wamo ndani ya sala, wakasimama. Mmoja wao alivua viatu.

Baba alikuwa amefunga mikono.

Wakarukuu. Wakasujudu. Wakainuka kwa rakaa ya pili.

Mikono ya Nasor ikapanda kifuani. Ya baba ikabaki chini.

Mwenye bunduki akamnong'oneza mwenziwe, na wakangoja. Walimngoja mpaka akatoa salamu. Mpaka leo sijui niwashukuru kwa hilo au niwalaani.

"Wewe. Twende."

Mzee Makame alimshika mguu yule mwenye bunduki, akiapa kuwa huyu ni ndugu yake. Alipigwa kwa kitako cha bunduki, damu ikamtoka puani.

"Mwacheni mzee wa watu," baba akasema. "Nakuja."

Hakurudi. Kaburi lake hatulijui.

Sasa ninakaa Hail, hapa Maskati, na Nasor anakaa Sib. Alifanya kazi serikalini mpaka akastaafu. Tangu siku ile hakuachia mikono tena. Msikitini kwao walimuuliza lini ameingia Usunni, naye hakumjibu mtu. Kila Ijumaa huja kula kwangu.

Ijumaa iliyopita mjukuu wangu Thuraya alikuwa akijitayarisha na mtihani. Skuli yake inafuata masomo ya Kiingereza, na alikuwa na wafalme wale wale.

"Yaani bibi, hawa raia waliokuwa wakibadilisha sala kila akija mfalme mpya," akasema, "wallah si wanafiki hawa?"

Nasor akarudisha tonge kwenye sahani.

"Mimi nilifunga," akasema. "Baba aliachia makusudi, mimi nikafunga nikabaki hai. Sema, mwanangu. Mimi mnafiki?"

Thuraya alinitazama mimi. Nikamwambia Nasor kwamba mama alifariki akiamini baba alisahau. Miaka yote ile ya kuachia, na hofu juu yake, mwili ukafanya ulichokizoea.

"Mama alikuwa ndani ya sala, kainamisha macho. Sote tuliinamisha. Wewe ndo ulokuwa ukitazama, Zuwena. Uliona nini?"

Hakuwahi kuniuliza hilo maisha yake yote.

Niliona mgongo. Niliona fulana imelowa jasho, na mikono miwili isiyopanda. Uso sikuuona. Nimeirudia picha ile mara nyingi, na siku nyengine ni mikono ya mtu aliyesahau, siku nyengine ni ya mtu aliyechoka kujificha. Baba aliyekusudia angekuwa shujaa, watu wangemsifu katika vikao vyao hapa Maskati. Mimi simtaki. Mama alikuwa nyuma yake, na mimi nilikuwa nyuma ya mama, na shujaa yule alituacha hapo. Namtaka aliyesahau, kwa sababu huyo alikuwa akitaka kubaki nasi.

"Alisahau," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Nnayo."

Kaka yangu, mzee wa karibu miaka themanini, akajifunika uso kwa kiganja na kulia mbele ya mtoto. Thuraya akanyanyuka kumletea maji.