Mtungi wa Tate

Juzi mjukuu wangu aliniletea maji kitandani, na kikombe cha bati kilipogonga mguu wa kiti, nikajikuta nimerudi Rugenge, mtaa niliokulia. Bila shaka nanyi mna kitu kidogo cha namna hiyo, kinachowavuta nyuma bila kuwauliza.

Nilikuwa msichana wa miaka minane hivi, nikilelewa na Tate, ndivyo tulivyomwita bibi. Kwetu Uvira mzee mwenye wajukuu hainuki. Akikohoa tu, kikombe kiko mkononi mwake. Kwa kazi hiyo nilijulikana mtaa mzima! Mtungi niliuweka kando ya mkeka wake, jiko nikalisogeza, hata ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nilimletea kwenye ungo azichambue papo hapo alipoketi. Akina mama walinisifu, nami kichwa kikavimba.

Kisha akaja Yosefu, muuguzi wa dispanseri. Baada ya uhuru wazungu walikuwa wameondoka na dawa zilifika kwa bahati, basi alipanda baiskeli yake kuwazungukia wazee kabla hawajaugua. Alinukia spiriti na sabuni ya mawese. Alimkagua Tate macho, nyayo na kucha, akaonja mchuzi wake na kukunja uso kwa chumvi. Mwisho akamwomba asimame. Tate alishika ukuta, magoti yakitetemeka.

"Minye niko muzee, Munganga," alisema. "Nisimame niende wapi?"

Yosefu alibeba mtungi wangu akauweka mlangoni, akachora alama ya mkaa sakafuni.

"Mutoto, usimupe maji tena. Atakuja kuchota yeye mwenyewe. Kila juma tutausogeza."

Nilimchukia. Majirani wakimwona Tate anajikokota na kikombe, wangesema nini juu yangu? Alipoondoka tu, niliurudisha mtungi kando ya mkeka. Majuma mawili nilifanya hivyo, nikiukimbiza kwenye alama kila niliposikia kengele ya baiskeli. Safari ya tatu alimsimamisha Tate, akayatazama yale magoti, akanitazama mimi. Hakunigombeza. Alichuchumaa mbele yangu.

"Mama Nabintu, jirani yenu, wajukuu wake wanamupenda sana, kama weye. Sasa hata ku choo hafiki. Unataka Tate yako akuwe vile?"

Nililia mpaka kwikwi ikanishika. Tangu hapo mtungi ulisafiri kweli: mlangoni, uani, chini ya mlimao, mwisho ukingoni mwa barabara. Tate alinitukana kwa Kifuliiru kila asubuhi, lakini alinitukana akitembea.

Uasi dhidi ya serikali ulipotufikia, milio ya bunduki ilianzia Kalundu, bandarini, asubuhi, tukakimbilia milimani kwa njia ya Bijombo. Tate alipanda kwa miguu yake, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine begani kwangu, akipumzika kila kona na kuulaani mlima. Ulikuwa mwendo wa siku mbili, na hakuna aliyembeba hata hatua moja.

Mama Nabintu hakuweza. Wajukuu wake walimbeba hadi mwanzo wa mlima, mwenyewe akawaomba wamrudishe nyumbani, waokoe watoto. Yosefu alibaki naye. Tuliporudi baada ya miezi, alituonyesha kaburi alilomchimbia kwa mikono yake. Homa ilikuwa imemchukua.

"Nilichelewa kuanza naye," alisema, akaangalia pembeni.

Nilidhani anasema juu ya kukimbia. Leo magoti yangu yenyewe yananiuma, ndipo naelewa kwamba alikuwa anasema juu ya mtungi. Naelewa pia kwamba ningeendelea kumdanganya Yosefu, Tate angebaki kule chini, na ningekuwa nimembakiza mimi, kwa upendo. Naona haya mpaka leo.

Juzi, basi, nilimwambia mjukuu wangu akirudishe kikombe jikoni. Machozi yakamlengalenga, akidhani nimemkasirikia. Nikashusha miguu chini, nikamfuata.