Milimita Nne za Chaki

Swali la chuma kunywea kinapochomelewa nililijibu vizuri sana chuoni. Nilipata alama zangu, nikalisahau papo hapo. Miaka mingi baadaye nikachora bamba la kitako cha mashine kwa karakana moja ya Thika, nikiwa nimejaa shahada na kichwa kitupu.

Mashine ilikuwa ya kiwanda kilichokuwa kikijengwa Ruiru, na boliti zake zilikwisha kusimikwa kwenye zege. Bamba lilikuwa na mbavu nane za kuchomelea. Kila mshono ukipoa huvuta chuma kidogo, kama nusu milimita kwa ubavu. Mchoro wangu haukuacha nafasi hata ya unywele.

Fundi, kibarua aliyekuwa akija kwa miguu kutoka mtaa wa mabanda wa Kiandutu kila asubuhi, aliusoma mchoro, kisha akaandika kwa chaki ukingoni mwa bamba: +4. Alinieleza kwamba tuyatenganishe matundu ya boliti zaidi, au tuchomelee kwanza ndipo tutoboe. Niliifuta chaki ile kwa kiganja.

“Mchoro huu si wa kujadiliwa, fundi.”

Kule Ruiru bamba lilikataa kuketi. Matundu ya upande mmoja yaliingia. Ya upande wa pili yalipungukiwa na milimita nne.

Mwenye karakana hakuuliza lolote. Alimgeukia fundi mbele yetu sote akamwambia, “Kesho usije.” Kibarua haandikiwi barua ya kuachishwa, maneno hayo mawili yanatosha.  Fundi alinitazama tu, akingoja.

Muda niliomngojesha ndio unaonichoma hadi leo. Nilikohoa. Nikaukunja mchoro, nikaukunjua. Hatimaye nikasema fundi alituonya, na mimi ndiye niliyefuta alama yake.

Bosi akacheka. “Injinia, usimwonee huruma huyu. Wewe na digrii yako, utakoseaje?”

Hasira iliyonipanda hapo haijashuka bado. Ningekiri nikiwa na suruali iliyotobolewa na cheche kama ya fundi, angenisadiki haraka. Nikamwambia kwamba fundi asipokuja kesho, mchoro mpya atauchora yeye bosi mwenyewe. Alinuna, kisha akasema basi abaki, ila achungwe. Achungwe yeye!

Kesho yake fundi alinikuta kwenye bamba jipya, akaninyooshea chaki.

“Andika wewe, injinia. Yangu hufutika.”

Nikainama niandike. Ikanibidi nimwulize niandike wapi.