Kiti cha Kushoto katika Leyland ya Ami Nassor

Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Niliondoka Nizwa, huku Oman, asubuhi bila mpango wowote, kama nilivyozoea tangu ujana: nilifunga chumba nilichopanga, nikatia begi moja kwenye pikapu, nikafika njia panda na kukata upande ambao taa yake ilitangulia kuwa ya kijani. Nikapita Sinaw, nikapita Mudhaibi, na Ibra nikaipita bila hata kupunguza mwendo, kwa sababu Ibra nina jamaa wengi, na kila mmoja angetaka kujua ninakwenda wapi, nami mwenyewe nilikuwa sijui. Nilipokaribia Bidiya nikateremsha kioo. Ukaingia moshi wa kuni wenye utamu wa tende zinazochemshwa, na juu yake dizeli ya lori lililokuwa likinguruma kando ya mashamba. Kila harufu peke yake siijali. Zikija pamoja, ninakuwa na miaka kumi na moja, nimesimama Ibra katika joto la msimu wa tende, na nina wivu.

Nasema wivu, sisemi hamu. Wengi wanaosimulia utoto wao husema walikuwa na furaha na hawakujua. Mimi msimu ule nilikuwa na wivu kuanzia sala ya asubuhi mpaka nilipolala, na nilijua vizuri kwamba nina wivu, na nilijua wa nini. Ulikuwa wivu wa kiti.

Ami Nassor alikuwa ndugu yake baba yangu. Baba alifia Tabora, mama akaolewa tena, na ami aliporudi Oman na mkewe na mwanawe Khalfan, alinichukua na mimi. Sikunyimwa kitu. Kanzu zetu, mimi na Khalfan, zilikatwa kwenye jora moja, na nyama sahanini iligawiwa sawa. Khalfan alinizidi miezi mitatu tu. Lakini yeye alisema "baba" na mimi nilisema "ami", na neno hilo moja liliniuma kila nilipolitamka. Huko bara ami aliendesha malori ya watu, Tabora mpaka Mwanza. Hapa, kwa mara ya kwanza, alinunua la kwake: Leyland Comet kuukuu, yenye pua ndefu mbele, ambayo wajenzi fulani wa Kiingereza waliiacha Matrah kazi yao ilipokwisha. Barabara ya lami ilikuwa haijafika kwetu. Siku ilipoingia Ibra ikiwa imefunikwa vumbi jeupe, watoto wa mtaani waliikimbilia kama wanakimbilia bwana harusi.

Mimi sikuikimbilia. Niliisoma. Shuleni nilikuwa wa mwisho, na haukupita mwaka nikaiacha kabisa, lakini gari lile nililihifadhi kama wenzangu walivyohifadhi sura fupi za Kurani. Injini ya dizeli, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, ujazo wa lita tano na robo tatu, nguvu za farasi tisini. Gia tano za mbele na moja ya nyuma. Difu yake, lile tufe la gia kwenye ekseli ya nyuma, ilikuwa na gia mbili, moja nzito ya kupandia mlima na moja nyepesi ya kukimbilia tambarare, kwa hiyo dereva anayejua kazi yake alikuwa na gia kumi mkononi, si tano. Ami alikuwa na kitabu cha gari hilo, kimelowa oili mpaka kurasa zinaangaza kama karatasi ya sambusa, na kila alasiri alikifungua juu ya boneti na kututafsiria. Alitufundisha namna silinda zinavyopokezana moto: ya kwanza, ya tano, ya tatu, ya sita, ya pili, ya nne. Nilichota maji falajini, kwenye mfereji wa mji, nikiimba hesabu hiyo, moja, tano, tatu, sita, mbili, nne, mpaka mke wa ami, niliyemwita shangazi, akasema nimepagawa na shetani wa Kizungu. Khalfan wakati huo alikuwa akimfunga panzi uzi mguuni.

Sasa kile kiti. Usukani wa Leyland ile ulikuwa kulia, kwa desturi ya Kiingereza, na Oman tunaendesha upande wa kulia wa njia. Maana yake dereva alikaa pembeni kabisa, haoni lililo mbele ya gari analolifuata. Aliyekaa kushoto ndiye aliyekuwa jicho lake. Ilikuwa kazi yake kuchungulia katika vumbi na kusema "nyeupe" njia ikiwa wazi, au "nyeusi" kukiwa na gari linakuja. Akisema nyeupe, dereva alitoka na kupita bila kuona. Roho ya dereva, mzigo na kila aliyekuwa juu ya magunia, vyote vilikuwa kwenye ulimi wa mtu mmoja. Kiti kile nilikitaka kuliko nilivyotaka kula.

Msimu ule ami alikuwa akipeleka Sur magunia ya tende zilizochemshwa na kukaushwa, za kusafirishwa Bara Hindi. Tende hizo huvunwa zingali za manjano, hutokoswa katika masufuria makubwa ya shaba, kisha huanikwa juani. Kabla ya kila safari alituita mbele ya gari.

"Haya, Khalfan. Difu ya gari hili ina gia ngapi?"

"Nne, baba."

"Nne! Nne ni miguu ya mbuzi. Hilali?"

"Mbili, ami. Nzito na nyepesi. Ya kubadilishia ni kile kidude kwenye mkono wa gia."

"Umemsikia mwenzako, we punda? Mashallah, Hilali, ahsante." Halafu akampiga Khalfan kofi la upole kisogoni. "Yallah, panda, twende zetu."

Na aliyepanda alikuwa Khalfan. Safari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilibaki na ahsante yangu katika moshi wa eksozi. Khalfan hakuringa, na hilo lilinizidishia uchungu. Angeringa ningepata la kumchukia. Alirudi Sur akaniletea papa mkavu, akasema njiani alisinzia.

Asubuhi ya safari ya nne, gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa na pancha. Ami alilibadilisha, akakaza nati zote mwenyewe, kisha wenye magunia wakamwita. Akageuka, akasema, "Khalfan, zipitie tena. Tia spana, chomeka bomba kwenye mpini wake, panda juu ya bomba, uzito wako unatosha."

Katika malori yale ya Kiingereza, nati za magurudumu ya kulia zilikazwa kwa kuzungusha kulia, kama nati zote duniani, lakini za kushoto zilikazwa kinyume, kwa kuzungusha kushoto, ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze. Ami alitueleza hayo mara moja tu. Mimi nilisikia. Khalfan alikuwa na panzi wake. Pikapu za Kimarekani za mjini kwetu hazikuwa na mambo hayo, na kila mtu Ibra aliyeshika spana aliishika kwa mazoea ya pikapu. Khalfan akatia spana, akapanda juu ya bomba upande wa kulia, akaruka kidogo. Nati ikalia kwi! Akafurahi, akaona imekaza zaidi. Akaenda ya pili. Ikalia kwi!

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Neno lililotakiwa lilikuwa moja, "kinyume". Nilijiambia ami atakuja kuzikagua. Lakini nilijua hatazikagua, kwa sababu aliyempa kazi alikuwa mwanawe, na alimwamini, na hapo ndipo paliponiuma. Nikafunga mdomo. Gari likawashwa, silinda zikapokezana moto vile vile nilivyozijua, wakaondoka.

Kesho yake kabla ya adhuhuri, mtu wa Bidiya akasimama mlangoni, akasema Leyland imeng'oka gurudumu ndani ya wadi, bonde la mto mkavu.

"Na watu?" shangazi aliuliza.

"Watu sijawaona, mama. Nimesikia tu."

Shangazi akakaa chini pale pale kizingitini, kanga imemteleza begani, wala hakuivuta. Mimi nilikaa nyuma ya tangi la maji. Sikulia. Nilijaribu kuimba ile hesabu yangu na ikanipotea; nilifika tatu nikashindwa kukumbuka kinachofuata. Nilikaa hivyo mpaka alasiri, ndipo Land Rover ya watu ikawaleta, ami amejaa vumbi mpaka kwenye kope, Khalfan mkono umefungwa kwa kilemba cha baba yake, damu imekauka juu yake. Shangazi alimkumbatia mpaka akapiga kelele za maumivu.

Ami alinawa, akaswali, kisha akatuita sote wawili. Katika kiganja chake kulikuwa na skrubu ya gurudumu iliyokatika.

"Khalfan anasema ulikuwepo alipokuwa akikaza."

"Nilikuwepo, ami."

"Alikazia upande gani?"

"Kulia."

Akanitazama. "Na wewe hukujua kwamba ni makosa. Sivyo?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Nilimwona analitaka jibu hilo zaidi yangu. Hata Khalfan akadakia, na mkono wake ule, "Hakujua, baba! Mimi mwenyewe sikujua, yeye atajuaje?"

Yeye atajuaje. Nadhani bila maneno hayo ningedanganya. "Nilijua," nikasema. Nimesimulia kisa hiki kwa watu wachache, na kila mmoja alinisifu kwa kusema kweli. Sikusema kwa kupenda ukweli. Sikuweza kustahimili kuhesabiwa mjinga sawa na Khalfan, hata kwa dakika moja, hata kwa faida yangu.

Ami hakunipiga. Aliitia ile skrubu mfukoni, akasema taratibu, "Kumbe nina mwana asiyejua, na mwana anayejua." Neno mwana, nililolingoja tangu Tabora, nilipewa siku ile.

Gari lilitengenezwa, na ikabaki safari moja kabla ya msimu kwisha. Hatukuulizwa maswali. Ami akafungua mlango wa kushoto, akasema, "Hilali, panda." Khalfan, mkono ukiwa bado na bandeji, alipandishwa juu ya magunia pamoja na wapakizi, na kabla hatujatoka mjini nilisikia wanacheka. Kiti kilikuwa na joto, springi moja ilinichoma, na kutoka pale niliona kila kitu: mitende, mchanga mwekundu wa Bidiya, saa ya oili sindano ikiwa mahali pake. Baada ya Bidiya tukalifikia lori lililokuwa likitimua vumbi. Nikachungulia. Njia ilikuwa wazi mpaka mwisho wa macho.

"Nyeupe, ami."

Ami hakutoka. Alipunguza mwendo, akaondoa mguu kwenye mafuta, akainama mbele yangu mpaka bega lake likanigusa kifua, akatazama mwenyewe. Ndipo akapita. Lori la pili, vivyo hivyo. La tatu, kabla sijafungua mdomo, Khalfan akagonga paa kutoka juu: "Nyeupe, babaa!" Na ami akakata usukani, akatoka, akapita bila kutazama.

Tulifika Sur, mji ambao nilikuwa sijauona, na mfanyabiashara akatupa chumba nyuma ya ghala lake. Khalfan alinivuta kanzu kunionyesha bahari. Nilimwambia nimechoka.

Siku hizi malori yana kamera na vioo pande zote, usukani uko kushoto, na dereva anakwenda Sur kwa lami bila kuhitaji jicho la mtu. Nati za magurudumu ya malori hayo zote zinakazwa upande mmoja. Nimeuliza, kwa sababu kila lori linalosimama karibu yangu namwuliza dereva habari zake, na mara nyingi hajui hata lina silinda ngapi. Nimefanya kazi katika gereji tano na kuziacha zote. Nimekaa Salalah, Buraimi, Nizwa. Ami alifariki nikiwa Salalah. Khalfan ndiye aliyemwosha, na akaniambia kwa simu kwamba aliondoka kwa upole. Khalfan hajawahi kufungua boneti ya gari maishani mwake.

Jana nilifika Jalan Bani Bu Hassan, mahali ambapo nimepita mara nyingi na sijalala hata mara moja. Nyuma ya soko nilipata chumba chenye kitanda, jiko la gesi na kiyoyozi kinachotoa maji. Mwenye nyumba alipenda Kiswahili changu, na leo akaniletea kahawa. Alasiri Khalfan akanipigia, kama anavyonipigia kila wiki, popote nilipo.

"Uko wapi leo, we msafiri?"

"Jalan."

"Ushakula?"

Nyuma yake wajukuu walikuwa wanagombana kwa Kiarabu. Nikamwuliza, sijui kwa nini, kama mkono humsumbua wakati wa baridi.

"Mkono gani?"

"Ulioumia."

"Aa, huu! Niliteguka nilipoanguka mtendeni, nikiwa mdogo. Mbona umeukumbuka leo? Wewe hukuwepo siku hiyo."

Nikasema kweli, sikuwepo. Akacheka, akanitaka nije Ijumaa nile kwao, akakata simu. Labda ananihurumia, labda amesahau kweli. Nimekaa kitandani na kahawa inapoa, mtu wa umri wangu, namwonea wivu Khalfan: hata kusahau amejaaliwa yeye.