Asali Niliyomlambisha Mtoto wa Miezi Minne

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Kalenga, kwa wazazi wa mke wangu. Mimi nilikuwa karani Mbeya. Nilipopata likizo, mtoto alikuwa na miezi minne na kikohozi. Nilikuja na kibuyu cha asali mbichi, iliyokamuliwa kwenye masega bila kupitishwa motoni. Asali hiyo ilikuwa imenituliza koo msimu wa baridi, kijiko kimoja kabla ya kulala. Niliamini itamfaa na mwanangu.

Miaka hiyo ya hamsini, kwao mke wangu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakutazamana wala kusemeshana. Mama akiwa na neno alimwambia binti yake, nami nimo chumbani nasikia yote.

"Mwambie mumeo asali ni ya mtoto anayetembea," alisema kutoka jikoni.

"Mwambie mama nimesoma," nikajibu.

"Sekondari walimfundisha kunyonyesha?"

Mke wangu alicheka hadi akaziba mdomo. Mimi sikucheka. Nilijua mama hawezi kuingia nilipo, basi ile adabu nikaifanya kichaka cha kujificha. Mke wangu alipokwenda mtoni, nilimlambisha mtoto kwa kidole, siku tatu mfululizo.

Baada ya wiki hivi akaacha kupata choo. Kilio kikafifia, kope zikalegea, akashindwa kunyonya. Nilipombeba, shingo haikuweza kukishika kichwa. Bado nilimwambia mke wangu kwamba ni meno yanaanza.

Ndipo mama mkwe akainama mlangoni, akaingia, akanitazama usoni.

"Umempa?"

"Nimempa, mama."

"Inuka, twende."

Alimbeba mtoto mikononi mpaka hospitali ya misheni. Wauguzi walimlisha kwa mrija wa mpira puani, maziwa kidogo kidogo, wiki tatu. Mama alilala sakafuni chini ya kitanda chake wiki zote hizo, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza kumgusa kifua aone kama anapumua. Mwanangu akapona. Leo ana wajukuu.

Miaka mingi baadaye daktari alinieleza kuwa asali, hata iwe safi kiasi gani, hata ukiichemsha, inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwa mtoto asiyetimiza mwaka. Mama hakujua habari za vijidudu. Alikuwa amewaona watoto waliolegea baada ya kulambishwa asali, akakumbuka. Mimi bado nalamba asali nikikohoa, na wajukuu wakubwa nawapa. Vitukuu wachanga, hata tone siwapi.

Siku tuliyorudi kutoka hospitali, mama aliingia jikoni kwake na ukuta ukawa kati yetu kama zamani. Nilisimama nje, nikavunja mwiko mimi.

"Mama, nilikosa. Asante kwa mtoto."

Nikasikia mwiko ukikwangua chungu. Kisha akamwita binti yake:

"Mwambie mumeo aje ale, uji unapoa."