Mume wa Kwenye Shuka

Tulisikia jenereta kwanza. Ilikohoa upande wa pili wa mtaro uliozunguka kijiji, ikanyamaza, ikakohoa tena, na kabla gari la sinema halijatokea shangazi alikuwa amekwisha kuvaa gauni lake la kanisani.

Kwa sababu ya kafyu, Kianjokoma tulitazama sinema mchana. Mahomugadi, walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali, walitundika mablanketi madirishani, shuka likafungwa mbele ya ubao wa darasa, nasi tukabanana humo tukinuka moshi, vumbi likielea kwenye mwanga kama unga. Ilikuwa filamu ya vita vile vya zamani: askari wetu huko Burma, wakipiga gwaride, wakioga mtoni, wakimchekea mtu tusiyemwona.

Mume wa shangazi alikwenda Burma asirudi, wala barua ya kifo haikuja. Mdogo wake alichoka kungoja. Wiki hiyo aliwaambia wazee wa ukoo kwamba kaka yake ni marehemu, kwa hiyo mjane arithiwe naye, kama ilivyo desturi. Shangazi hakumtaka. Alisema mtu yule hutafuna hata uji.

Basi akatokea askari mmoja, ametugeuzia mgongo, anakoroga uji katika sufuria kubwa kama pipa. Shangazi akasimama, kivuli chake kikamfunika mpishi nusu.

"Ndiye huyo," akasema. "Mume wangu. Yu hai."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee, waliokaa mbele, wakatazamana. Nani angebishana na mke kuhusu mgongo wa mumewe? Mmoja wao akasema tu kwamba aliye hai harithiwi.

Njiani nilimuuliza shangazi amemjuaje kati ya wote wale.

"Sikumjua mtu, mwanangu. Ila mgongo ule ulikuwa mzuri."

Shemeji yake akatufuata hadi nyumbani. Kwa upole wa mtu anayemfundisha mbuzi kusoma, akaeleza kwamba picha zile ni za kale, vita vimekwisha, na wengi waliocheka mle hawakurudi makwao. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho huku akipepeta maharagwe.

"Shemeji, sinema inayoonyesha anapika nimeiona. Ikija inayoonyesha anazikwa, niite."

Shemeji yake akanitazama mimi, kana kwamba ningemsaidia. Nikainamia maharagwe. Akachukua kofia yake, akatoka, na shangazi, ungo ukiwa bado mikononi, akausukuma mlango kwa kisigino.