Mabawa ya Korantina

Wachoraji walipoanza kuja Lokmeven, kijiji chetu cha Ufaransa, shangazi yangu Korantina alikuwa binti mwenye mchumba, na hapakuwa na mwanamke kijijini aliyemshinda kupiga pasi. Kazi yake ilikuwa kofia. Kila mwanamke wa kwetu alikuwa na kofia ya kitambaa cheupe yenye mabawa mawili, na kofia hiyo haivaliki mpaka itiwe wanga, ipigwe pasi, na mabawa yakunjwe juu ya kichwa na kubanwa kwa pini. Ukiona mabawa yamesimama juu, mwenyewe hana neno. Ukiona yameshuka mabegani, mpishe njia na umpe pole, kwa sababu amefiwa. Watoto wa kwetu walilijua hilo kabla hawajajua sala.

Bwana Lauzier hakulijua, na nadhani hata angelijua asingejali. Alitoka Paris, ambako aliwahi kufundisha hesabu shuleni hadi siku moja akaamka na kusema hafundishi tena. Alipanga chumba kwenye nyumba ya wageni ya Mama Glaoda, akala chapati zetu za ngano nyeusi asubuhi na jioni, akavaa mitalawanda, viatu vya mti, kama sisi, na akakohoa usiku kucha hadi wapangaji wengine wakahama. Wachoraji wenzake walikuwa wanakaa mashambani chini ya miavuli, wanakimbizana na jua, kila mmoja akitaka kupaka rangi ile ile aliyoiona dakika ile ile. Yeye aliwacheka. Aliweza kukaa asubuhi nzima anamtazama ng'ombe bila kugusa brashi, kisha anarudi chumbani, anafunga dirisha, na kumchora kutoka kichwani. Shamba lilitoka jekundu, miti ikatoka ya buluu, na kila kitu kikazungukwa na mstari mweusi mnene kama vioo vya kanisani.

"Bwana Lauzier," Mama Glaoda alimwuliza siku moja, "huyu ng'ombe anaumwa nini? Mbona wa kijani?"

"Haumwi, mama. Ndivyo ninavyomkumbuka."

"Basi mimi usinikumbuke kabisa."

Mchumba wa shangazi aliitwa Gwenole. Alikuwa mchonga mitalawanda, anafanya kazi msituni pamoja na wachongaji wenzake, na harufu ya mti mbichi haikumtoka hata Jumapili. Alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa, na alikuwa mtoto wa pekee wa Perina, mjane ambaye sauti yake ilisikika hadi kijiji cha pili. Perina mwenyewe alimvika Korantina pini ya fedha ya kofia, mbele ya mashahidi, na watu wakanywa pombe ya matofaa mpaka wakasahau njia za kwao. Kwetu, ukishavikwa pini umeshakuwa mke; kinachobaki ni padri tu. Harusi ilipangwa baada ya mavuno.

Majira hayo ya joto Bwana Lauzier alimwomba Korantina akae amchore. Alikubali kwa sharti moja, kwamba asiache kazi. Basi akawa anapiga pasi dirishani, chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni, na yule bwana amekaa kwenye kiti anamkodolea macho.

"Shusha hayo mabawa, binti," alisema siku ya pili. "Mstari unakatika."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Sijafiwa."

"Lakini ni kitambaa tu!"

"Kwako ni kitambaa, bwana. Kwangu ni habari. Nikitoka nje hivyo watu wataniuliza nani kafa."

Akainua mabega, akamtazama kidogo tena, akaondoka. Shangazi alidhani yameisha. Hakujua kwamba mtu huyu hachori anachokiona, anachora anachokitaka, na alichokitaka ni mabawa mawili yaliyoshuka.

Siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu, wakati maandamano yanatoka kanisani, Mama Glaoda alikuwa ameitundika picha ukutani barazani pake ili kuvuta wateja. Nimekwenda kuiona mara nyingi tangu nimekuwa mtu mzima, na sitasema uongo, ni picha nzuri. Ukuta nyuma ni wa manjano, meza ni nyekundu, na Korantina ameinamisha kichwa juu ya pasi. Mabawa yanashuka kutoka kwenye kofia hadi kwenye mabega yake kwa mistari miwili mirefu iliyonyooka, na uso wake umetulia kama wa mtu aliyekwisha kulia. Pini ya fedha imechorwa pia, inang'aa.

Watu walisimama. Wanaume wakavua kofia zao, kwa mazoea tu, kabla hawajakumbuka kuuliza. Kisha Perina akapita katikati yao.

"Korantina. Umemzika nani?"

"Sijazika mtu, mama. Huyu bwana ametunga tu."

"Katunga uso wako? Katunga pini niliyokuvika kwa mkono wangu? Mimi niko hai. Mwanangu yuko hai, amesimama hapo kama gogo. Unamlilia nani mapema hivi?"

"Nilimkatalia, mama, mwulize mwenyewe!"

Bwana Lauzier alijisogeza mbele na kofia yake mkononi. "Mama, huu si msiba. Ni umbo. Ni mstari tu."

"Nenda kalale na mstari wako!" Perina akamjibu, na hata wale waliokuwa na hofu wakacheka.

Lakini Perina hakuwa anacheka. Alinyoosha mkono, akaichomoa pini ya fedha kwenye kofia ya Korantina, mbele ya kijiji kizima na padri akiwemo, akaitia mfukoni. Uchumba ulivunjika pale pale.

Jioni Gwenole alikuja dirishani kwa shangazi.

"Mama atapoa," alisema.

"Na asipopoa?"

"Nitangoja apoe."

"Wewe umekuwa unamngoja mama yako tangu umezaliwa," shangazi akamwambia, na akafunga dirisha. Aliniambia baadaye kwamba maneno yale aliyasema kwa hasira na alitegemea kuyafuta kesho yake. Kesho yake Gwenole alikuwa amerudi msituni, na kiburi kikawakalia wote wawili kichwani.

Perina hakupoa. Gwenole hakuoa mwingine. Jumapili walikutana mlangoni mwa kanisa, wanaamkiana, kila mtu anashika njia yake. Kwenye baridi ya mwaka wa pili mti waliokuwa wanaukata ulianguka upande usiotarajiwa, ukamlalia Gwenole. Wenzake walimleta nyumbani ameshakufa, juu ya ubao wa mlango.

Sasa fikiria hali ya shangazi. Wanawake wote wa Lokmeven walimletea kofia zao, maana kofia ya msiba haiwi na wanga. Inafuliwa upya, inapigwa pasi laini, ili mabawa yaanguke bila kusimama. Alizifanya zote siku hiyo hiyo. Alifanya na ya Perina, iliyoletwa na jirani ndani ya kikapu bila salamu. Yake mwenyewe aliitia wanga. Mwanamke aliyenyang'anywa pini si mke wala si mjane, ni mpita njia. Angeshusha mabawa, Perina angemfukuza makaburini kwa haki kabisa, na watu wangesema picha ilikuwa kweli, kumbe alijua, kumbe alikiita kifo mwenyewe. Kwa hiyo alilifuata jeneza nyuma kabisa na mabawa yake juu, magumu, kama mtu anayekwenda sokoni kununua siagi.

"Mtazame," walisema. "Hata hajali."

Mimi sikuwepo, sikuwa nimezaliwa, lakini kila nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka.

Bwana Lauzier alikuwa ameshaondoka zamani na picha yake kwapani. Kifua kilimmaliza Paris, kwenye chumba cha kupanga, bado kijana. Hakuuza kitu cha maana maishani mwake. Alipokwisha kufa ndipo wakamwona. Vijana walianza kusema kwamba yeye ndiye aliyewafungulia mlango, kwamba kabla yake mchoraji alikuwa mtumwa wa macho yake, na baada yake mtu anaweza kupaka shamba jekundu na anga la kijani bila kuomba radhi. Walikuja Lokmeven kwa makundi, wakitafuta shamba jekundu, wakikuta ni la viazi tu. Walisimama chini ya dirisha la shangazi na kumvulia kofia.

"Bibi, mtu yule alitupa uhuru," mmoja alimwambia, machozi yanamlengalenga.

"Mlikuwa mmefungwa wapi?" shangazi akauliza, na akaendelea na pasi.

Picha ikawekwa kwenye jumba la makumbusho mjini. Walioiona wakaiga, walioiga wakaigwa, hadi mistari ile myeusi na rangi zile bapa zikawa kwenye matangazo ya gari moshi, kwenye kalenda, kwenye vikombe. Mwishowe mwoka biskuti mmoja akaiweka juu ya mfuniko wa kopo. Uso wa shangazi yangu, na mabawa yameshuka, kwenye kila kabati la Ufaransa! Akiingia dukani anayageuza makopo yatazame ukutani, moja moja, na muuza duka anamngoja atoke ndipo ayageuze tena. Hakuna aliyemwambia kitu.

Hakuolewa. Wanaume walimwogopa, kisha wakamsahau. Alinifundisha kazi yake, na hakuwahi kulitaja jina la Gwenole ila mara ile moja aliponisimulia, nami nilikuwa nina watoto tayari.

Kofia nazo zikaanza kuisha. Wasichana walikata nywele, wakawa wanavaa kofia siku ya sikukuu tu, na hata siku hiyo ni kwa ajili ya wageni wenye kamera. Mwaka ninaousimulia, binti yangu Azenor na wenzake ndio walioongoza safu ya wasichana kwenye maandamano. Alikuja nyumbani na kopo la biskuti mkononi.

"Mama, tunataka kofia hivi. Mabawa chini."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ndivyo tunavyojulikana. Wageni wakituona mabawa juu wanauliza kama sisi ni wa kijiji kingine."

"Wageni ni wajinga na wewe unawafuata. Toa hilo kopo mezani kwangu!"

"Mama, mambo ya zamani hayo!"

"Ya zamani ndiyo yaliyokulisha."

Shangazi alikuwa kwenye kona yake, karibu na moto. Alimtazama Azenor, akalitazama kopo. Nilitegemea atanisaidia kumkemea. Aliomba tu apewe kofia yake aitayarishe mwenyewe, na mimi, kwa hasira niliyokuwa nayo, sikushangaa.

Siku yenyewe nilitembea nimemshika mkono, mimi upande mmoja na mshumaa wake upande mwingine. Tulipofika kwenye nyumba ya wageni ya zamani, kelele za wageni zikapanda, nikageuka. Wasichana walikuwa wanakuja. Wote, safu nzima, mabawa mabegani, wanacheka, wamependeza kupita kiasi. Wazee walishika midomo. Nilimwona Azenor mbele na nikaanza kwenda kumtoa kwenye safu kwa sikio.

Shangazi akanishika mkono wa nguo.

"Waache."

"Shangazi, hawa hawajafiwa hata na kuku!"

"Nimesema waache. Nishikie huu."

Akanipa mshumaa. Akainua mikono yake yote miwili, akatoa pini ya kwanza, akatoa ya pili. Mabawa yakashuka. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, najua kitambaa chenye wanga kinavyokataa, kinavyosimama kama ubao hata ukikifungua. Haya hayakukataa. Yalianguka laini hadi mabegani, bila wanga hata chembe, na kumbe yalikuwa yamebanwa tu na pini tangu asubuhi.

"Shangazi," nilisema. "Kwa nani?"

"Unajua kwa nani."

Nilianza kulia pale njiani, mbele ya kamera zao. Yeye hakulia. Wasichana walitufikia, wakatupita pande zote, na katikati ya mabawa yale yote hakuna mgeni aliyeona kwamba kuna jozi moja iliyokuwa ya kweli. Mmoja alimpiga picha na kumwambia amependeza kama yule wa kwenye kopo.

Njia inapogawanyika, maandamano yanapanda kanisani. Shangazi alikata kushoto, kuelekea makaburini, nami nikamfuata na mshumaa. Langoni alikuwa amesimama bibi mmoja wa rika lake, mtoto wa dada yake Perina, aliyekuwepo siku ile pini ilipochomolewa. Alimtazama usoni, akayatazama mabawa. Kisha akasogea pembeni, akampisha njia.

"Pole, Korantina," alisema.

"Asante," shangazi akajibu, na akaingia.