Gari Lililolala Chini ya Mshelisheli

Miaka tisa Titilia aliendesha gari ambalo halikwenda popote. Kila adhuhuri, akitoka kwenye shamba la magimbi, aliingia ndani ya pikapu ya marehemu baba yake iliyolala chini ya mshelisheli, akawasogeza kuku waliogeuza kiti cha abiria kuwa mahali pa kutagia, akafumba macho na kushika usukani. Basi safari ikaanza. Alipita kanisani, akakata kona ya minazi mitatu, akashusha gia kwenye mlima wa udongo mwekundu, akavuka kijito cha kwanza, kisha cha pili, mpaka akafika Wailoma, kijiji cha juu alikozaliwa mama yake, ambako maji ya mto ni baridi hata jua likiwaka namna gani. Kona zote alizijua kwa mwili. Mguu wake wa kushoto ulitafuta klachi wenyewe. Watu wa Navuniuto, kijiji chake, walikwisha kumzoea. Kila kijiji cha pwani ile ya kisiwa cha Vanua Levu kina mtu wake wa ajabu, na wao walimwona wa kwao hana madhara.

Lakini asikwambie mtu, Titilia alikuwa dereva. Mzee Eparama, baba yake, alimfundisha akiwa na miaka ishirini na miwili, wakati wanaume wa kijiji wakisema kwamba mwanamke akishika usukani magimbi yatafika mjini yamekuwa uji. Magimbi yalifika mazima. Yakaendelea kufika mazima miaka kumi na minne, pamoja na mizizi ya yakona inayopondwa kuwa kinywaji cha heshima, wagonjwa, maharusi, wanakwaya, na mara moja nguruwe watatu wa msibani waliokuwa na adabu kuliko wanakwaya. Kuolewa hakuolewa. Yule aliyemchumbia alitaka wahamie mjini Suva, naye akamuuliza gari ataliacha na nani. Wako wanaocheka wakisikia habari hiyo. Mimi sioni cha kucheka.

Kisha ikaja siku ya mlima mwekundu. Mzee Eparama alianguka asubuhi akiwa ameshika kifua, wakampakia, Titilia akakimbiza gari kuelekea hospitali. Geji ya mafuta ilikuwa imekufa zamani. Walikuwa na ujiti wa mwanzi uliokaa chini ya kiti, unauchovya kwenye tangi, unaona dizeli imefika wapi. Asubuhi ile hakuuchovya. Katikati ya mlima injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Mtu wa farasi alileta dumu la mafuta, lakini injini ya dizeli ikishavuta hewa haiwaki kwa kumiminiwa tu, na Titilia hakujua kuitoa hewa. Baba yake akakata roho palepale, kichwa chake mapajani mwa mama. Gari lilirudishwa nyumbani likikokotwa na ng'ombe, na tangu hapo hakumruhusu mtu yeyote aliguse. Ujiti mmoja tu, alijiambia kila siku iliyokuja. Ujiti mmoja.

Mwezi wa Oktoba mama yake, bibi Salanieta, akasema anataka kunywa maji ya mto wa Wailoma. Hakuwa mtu wa kuomba vitu. Alikuwa amepungua hata mkeka haukuonyesha kama umelaliwa, na nesi alishawaambia kwa upole wasimnyime anachokitamani. Basi la abiria haliendi Wailoma, na farasi asingemuweza. Mvua za Novemba zikianza, vijito hufunga njia mpaka Aprili. Na mama, kila mtu aliona, hakuwa na Aprili.

Titilia alikaa siku nzima bila kula. Jioni akamwambia wifi yake Losana amwambie Sakeasi aje alitazame gari.

Sasa Sakeasi ndiye fundi wa injini za boti pwani yote ile, na ni mdogo wake Titilia wa tumbo moja. Kwa mila ya huko, kaka na dada wakishavuka utoto hawasemezani, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, si ugomvi, na ya hawa wawili ilikuwa kali kupita ya wengine. Tangu Sakeasi aote ndevu, miaka ishirini na saba, neno lake likitaka kumfikia dada yake lilizunguka kwa mtu wa tatu. Mara nyingi mtu huyo alikuwa Losana, mkewe, ambaye kwa wifi yake alikuwa na ruhusa ya kusema lolote linalomjia kinywani, na ruhusa hiyo hakuionea huruma hata kidogo.

"Atakuja Jumatatu," Losana akaleta jibu. "Anasema kwanza uwahamishe watoto wako."

"Watoto gani?"

"Hao wenye manyoya. Kwa mtu asiye na mume, wifi yangu, umezaa."

Jumatatu Sakeasi akaja, akasimama mbele ya gari kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. Mmea wa boga ulikuwa umepanda mpaka kwenye kioo na kuzaa boga moja juu ya paa. Walilivuna kwanza. Kisha akafungua boneti, akatoa kiota cha panya, akadondoshea oili ndani ya silinda kidogokidogo, akaiacha injini inywe usiku na mchana kabla ya kuizungusha kwa mkono. Ilizunguka. Losana akapeleka habari hiyo jikoni, na Titilia aliyekuwa akimenya magimbi akaweka kisu chini, akalia.

Walilishusha tangi, wakamwaga matope mekundu yaliyokuwa dizeli siku nyingi zilizopita, wakalisuuza mara nne. Sakeasi alinunua filta na kuazima betri ya boti. Bibi Salanieta alitandikiwa mkeka barazani, akawa anatazama, analala, anaamka na kusimulia mto kana kwamba miguu yake ilikuwa imo majini wakati huohuo. Alisema kamba wa mto wamemgusa vidole. Hakuna aliyembishia. Harufu ya dizeli mpya na ya mashelisheli yaliyoiva ilichanganyika uani, na Titilia akajiona tena yuko njiani, macho wazi safari hii.

Kazi ngumu ilikuja Alhamisi, siku ya kutoa hewa kwenye mirija ya mafuta. Fundi anainama kwenye injini na kulegeza nati za nozeli, mwingine anakaa ndani na kupiga stata. Fundi anatazama mapovu, na mwenzake anapaswa kujua papo hapo lini apige na lini aache. Losana akawekwa katikati kupokeza maneno. Lakini kila alipofikisha "acha", stata ilikuwa imekwisha kupiga kelele za bure, na kila alipofikisha "piga" aliongeza la kwake. Ikafika saa sita betri imechoka kuliko watu. Sakeasi akamwambia mkewe aende akapike.

Kisha akagonga chasisi kwa spana mara moja. Kimya. Akagonga tena mara moja. Titilia akaelewa, akapiga stata. Spana ikagonga mara mbili, akaacha. Walikwenda hivyo mchana kutwa, boneti ikiwa wazi katikati yao kama pazia, bila mmoja kumwona mwenzake. Hawakuwahi kuzungumza kiasi hicho tangu utotoni.

Lakini injini haikuwaka. Ilikohoa kikohozi kilekile cha mlimani, na Titilia aliposikia hivyo akauachia ufunguo na kushuka. Alikwenda kukaa barazani miguuni pa mama yake. Akasema haendeshi. Gari likiwaka, mtu mwingine aliendeshe. Yeye alishaua mtu mmoja kwa kutochovya ujiti.

Bibi Salanieta, waliyedhani amelala, akafumbua macho.

"Siku ile Sakeasi aliniambia mimi," akasema. "Alikuwa ametumia gari usiku wa kuamkia siku hiyo. Akaja dirishani akaniambia, mama, mwambie dada tangi halina kitu. Nikasema sawa. Nilikuwa nimeshika kichwa cha baba yenu. Nikasahau."

Spana ilianguka chini huko garini.

"Kwa nini hukusema, mama?" Titilia aliuliza.

"Niliogopa. Mlikuwa mmebaki ninyi tu." Akamshika nywele bintiye. "Na yule pale alisimama njiani akakuona unaondoka. Angeita jina lako mara moja tu. Heshima ikamziba mdomo. Sasa tumebeba mzigo sote watatu, kila mtu wake, miaka tisa. Mwanangu, mimi nataka kunywa maji."

Titilia alimtazama mama yake, akatafuta hasira ndani ya moyo, akaipata, lakini ilikuwa ndogo na imezeeka. Akanyanyuka, akajifuta uso kwa kanga, akarudi kwenye kiti cha dereva. Akakaa. Baada ya muda mrefu spana ikagonga mara moja. Akapiga. Ikakohoa, ikashika, ikatema moshi mweupe uliofunika mshelisheli wote, kisha ikaunguruma. Kuku walikimbilia kanisani. Losana alitoka jikoni na mwiko mkononi akasema kwamba sasa hata kuku wameokoka.

Jumamosi asubuhi waliweka godoro kwenye kiti, wakamkalisha bibi Salanieta akiwa amejipaka mafuta ya nazi na kubeba fungu la yakona la kuwapa watu wa kwao. Losana akakaa katikati. Sakeasi alikuwa nyuma, akifunga kamba. Titilia akautoa ule ujiti wa mwanzi chini ya kiti. Alikwisha kuuchovya mara mbili kabla ya kunywa chai, na mara zote mbili ulitoka umelowa mpaka juu. Akazunguka kwenda kuuchovya mara ya tatu, maana mlima ulikuwa ukimngoja.

Sakeasi alikuwa amesimama karibu na kifuniko cha tangi. Hakusogea. Alitazama chini, kwenye tairi.

"Dada," akasema.

Mara ya mwisho sauti hiyo kusema naye ilikuwa ya mtoto, ikimwomba amtoe mwiba. Sasa ilikuwa kama ya baba yao.

"Dada, tangi limejaa. Nimelijaza mwenyewe."

Losana, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alitazama kucha zake. Bibi Salanieta alikuwa amefumba macho.

"Nimesikia, Sakeasi," Titilia akasema.

Akautupa ujiti kwenye majani bila kuuchovya tena. Akapanda, akafunga mlango, akashika usukani na kungoja. Nyuma yake spana ikagonga bodi mara moja, naye akawasha.